Hepatiti B: ugonjwa wenye kuingia siku ya kuzaliwa na kuonekana kisha miaka 30

Watu wengi wa kandokando ya muto, kutoka Kisangani mupaka Isangi, wanaujua ugonjwa wa tumbo kuvimba na macho kuwa manjano, lakini wanauita sumu ao likundu. Mu habari hii tunaeleza ugonjwa wenyewe ni nini, watafiti walifanya nini ili kuukamata, na ni maswali gani mama mwenye mimba wa Yanonge anaweza kuuliza ku CPN.

Mutu muzima, mwenye nguvu, baba wa watoto, anaanza kukonda. Chakula hakimupendezi tena. Anachoka mbele hata ya kufika ku shamba. Macho yanageuka manjano, mukojo unakuwa mweusi sawa chai ya kukolea. Kisha tumbo linajaa maji, na miguu inavimba. Familia inakaa chini kuzungumuza. Mumoja anasema: «Walimupa sumu kule ku matanga.» Mwingine anasema hapana, ni likundu ya mujomba wake. Wanauza mbuzi, wanauza mifuko ya makala, wanamupandisha ku boti ya mbao mupaka Kisangani. Kule munganga anamupima, anawaita pembeni, na anawaambia neno lenye watu wengi wanalijua: «Mumechelewa.»

Wamechelewa muda gani? Familia inafikiri ni juma mbili ao miezi mitatu, ule wakati walikuwa wanatafuta feza ya safari. Lakini kama ni hepatiti B, mara mingi wamechelewa miaka 30 ao 40. Virusi viliingia mu mwili wa huyu baba zamani sana, pengine siku ile mama yake alimuzaa, ao wakati alikuwa mutoto mudogo wa kutambaa. Hakuna mutu alimutupia kitu ku matanga. Alikulia nacho, akaoa nacho, akalima nacho, bila kujua.

Ndiyo maana mapigano na ugonjwa huu hayafanyikake mu chumba cha mugonjwa mwenye tumbo limevimba. Yanafanyika ku maternité, mu saa 24 za kwanza za mutoto.

Ini na virusi vyake

Ini ni kile kiungo kikubwa chenye kukaa ku upande wa kuume, chini ya mbavu. Linasafisha damu, linaondoa sumu ya pombe na ya dawa, linatengeneza vitu vyenye kufanya damu igande wakati mutu amejikata. Neno hepatiti maana yake ni ini lenye kuwaka, lenye kuvimba. Pombe inaweza kulifanya liwake, dawa zingine pia. Lakini hapa tunazungumuza hepatiti yenye kuletwa na virusi, na virusi hivyo viko vya aina tano: A, B, C, D na E.

A na E vinapita mu maji machafu na mu chakula chenye kuguswa na mikono haijanawishwa. Kwa watu wengi vinakuja, vinasumbua, kisha vinaenda vyenyewe. Lakini E iko hatari sana kwa mama mwenye mimba.

B na C vinapita mu damu. B inapita vilevile mu maji ya mwili wakati wa kulala pamoja bwana na bibi, na kutoka kwa mama kwenda kwa mutoto wakati wa kuzaa. Hivi viwili ndivyo vinaweza kukaa mu mwili miaka na miaka, kuharibu ini polepole mupaka linakauka na kuwa gumu sawa jiwe (waganga wanaita sirozi), ao mupaka linaota kansa. D haiwezi kuishi yenyewe: inamupata tu mutu mwenye B, na inamuongezea mateso.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa ripoti mu mwaka 2024. Inasema mu mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hepatiti B mu dunia, na milioni 50 walikuwa na hepatiti C. Mu mwaka huo huo hepatiti ziliua watu milioni 1,3. Ukigawanya, ni watu 3.500 kila siku. Na kati ya watu wote wenye B, ni 13 tu ku mia waliokwisha pimwa na kujua hali yao. Wenye kupata dawa walikuwa 3 ku mia. Wale wengine wote wako sawa huyu baba wetu mbele tumbo lake livimbe: wanatembea, wanacheka, hawajui.

Kwa nini mutoto ndiye anaumia zaidi

Hapa kuna jambo lenye kushangaza. Mutu muzima akiambukizwa hepatiti B, mwili wake mara mingi unapigana na kushinda. Kati ya watu wazima 100, chini ya 5 ndio wanabaki na virusi maisha yote. Lakini mutoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, hesabu inageuka: kati ya watoto 10, karibu 9 wanabaki navyo.

Sababu ni hii: mwili wa mutoto mucanga haujajifunza bado kumutambua adui. Virusi vinaingia, vinakaa mu ini, na mwili unaviona sawa watu wa nyumba. Hakuna homa, hakuna macho manjano. Mutoto ananyonya vizuri, anatembea, anaenda ku masomo. Kisha miaka mingi, ule mwili unaamuka na kuanza kupigana na virusi ndani ya ini lenyewe, na ini ndilo linaumia.

Ndiyo sababu watu wanafikiri ni sumu. Sumu inaleta ugonjwa mu siku chache, na kila mutu anatafuta nani alikula naye juzi. Kwa hepatiti B, hata ukikumbuka watu wote wenye ulikula nao mwaka huu, utachongea mutu bure. Familia ngapi zimevunjika, bibi kizee ngapi wamefukuzwa mu kijiji, juu ya ugonjwa wenye ulianza mbele hata ya mugonjwa kujua kusema?

Utafiti ulianza hapa karibu, ku Lindi

Wengi hawajui kama moja ya kazi za zamani za kutafuta hepatiti ilifanyika hapa kwetu mu Tshopo, ku muto Lindi, karibu na Kisangani.

Wakati wa ukoloni, Kisangani iliitwa Stanleyville, na kulikuwa laboratware kubwa ya waganga yenye kuongozwa na Munganga Ghislain Courtois. Mu mwaka 1956 walifungua kambi ku Lindi na kuleta mamia ya sokwe, wale tunaita mokomboso. Kazi kubwa ya kambi ilikuwa kujaribu chanjo ya polio pamoja na Hilary Koprowski wa Marekani. Lakini mu mwaka 1958 mutafiti mwingine alifika kutoka Philadelphia, jina lake Fritz Deinhardt, muzaliwa wa Ujerumani. Yeye alitafuta hepatiti. Waliwapa sokwe virusi vyenye kutoka kwa watu wagonjwa, kisha wakapima damu yao kuona kama ini linaanza kuumia. Deinhardt, Courtois na wenzao walitoa matokeo mu gazeti la sayansi mu mwaka 1962.

Wakati ule hakuna mutu aliyekuwa amekwisha kuona virusi vya hepatiti B. Walikuwa wanamufuata mwizi kwa nyayo zake tu: ini limeumia, kwa hiyo mwizi amepita. Sokwe wengi walikufa mu kambi ile, na kuna watu mupaka leo wanauliza kama haki ilifanyika, kwa wanyama na kwa wakaaji. Ni swali la maana. Lakini kuna neno moja lenye kusemwa sana lenye si kweli: kwamba SIDA ilitokea ku chanjo ya polio ya Lindi. Mu mwaka 2004 watafiti walichapisha mu gazeti Nature matokeo ya kupima virusi vya sokwe wa pori la karibu na Kisangani, na virusi vile si mababu wa virusi vya SIDA ya watu.

Mwizi mwenyewe wa hepatiti B alionekana mu miaka ya 1960, mu Marekani. Munganga Baruch Blumberg alikuwa anakusanya damu ya watu wa inchi mbalimbali. Mu damu ya mutu mumoja wa kabila la wenyeji wa Australia alikuta kitu kigeni, na kazi hiyo ilitangazwa mu 1965. Kidogo kidogo walielewa kama kile kitu ni ganda la virusi vya hepatiti B. Kutokea hapo ndiyo kipimo kilipatikana, na chanjo pia. Blumberg alipata Zawadi ya Nobel mu 1976. Alizaliwa tarehe 28 Julai 1925, na ni kwa kumukumbuka kwamba tarehe 28 Julai ni siku ya dunia ya kupiganisha hepatiti.

Leo kipimo kile ni kipande kidogo cha plastiki, sawa kile cha malaria. Tone moja la damu ya kidole, unangoja dakika 15 ao 20, mustari unaonekana ao hauonekane. Kitu chenye waganga wa Lindi walitafuta kwa sokwe mamia, muuguzi wa kijiji anaweza kukiona mbele ya uji kupoa. Uchungu ni kwamba kutoka 1958 mupaka leo elimu imeenda mbali sana, lakini kipimo na chanjo ya siku ya kwanza vinachelewa kurudi hapa karibu kwenye kazi ilianzia.

Utafiti wa Kinshasa: mama 4.016

Tuje sasa ku kazi yenye kutuhusu zaidi. Kati ya 2018 na 2019, munganga wa watoto Peyton Thompson wa Chuo Kikuu cha North Carolina, pamoja na watafiti wa Shule ya Afya ya Watu Wote ya Kinshasa, waliuliza swali moja rahisi: je, mu Kongo yetu, na maternité zetu kama ziko, inawezekana kumukinga mutoto asipate hepatiti B ya mama?

Hawakujenga hospitali mupya. Waliingia mu maternité mbili kubwa za Kinshasa, Binza na Kingasani, mwenye kulikuwa tayari kazi ya kukinga watoto na SIDA. Mama akifika ku CPN, muuguzi alikuwa tayari anamutoa damu ya kidole kwa kupima SIDA. Waliongeza tu kipimo cha hepatiti B.

Walipima wanawake 4.016. Kati yao 109 walikuwa na virusi. Ni karibu 3 ku mia. Mu watu mia moja wenye kukaa ku kanisa siku ya Mungu, watatu. Hakuna aliyewatambua kwa macho. Wengi walijisikia wazima kabisa.

Kisha waliendelea na mama 90. Kila mumoja alipimwa kujua kama virusi viko vingi ao vidogo mu damu yake, kwa sababu mama mwenye virusi vingi ndiye anaambukiza mutoto kwa urahisi zaidi. Tisa walikuwa na virusi vingi. Hao walipewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, mu miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya kwanza kisha kuzaa. Ni dawa yenye kuwa tayari mu inchi, kwa sababu iko ndani ya dawa za SIDA. Na watoto wa mama wote walipangiwa chanjo ya hepatiti B mu saa 24 za kwanza.

Walifuata watoto mupaka juma la 24. Kati ya watoto waliopimwa, hakuna hata mumoja aliyekutwa na virusi kutoka kwa mama. Matokeo yalitangazwa mu 2021 mu gazeti The Lancet Global Health.

Mutu atasema: Kinshasa si Yanonge. Ni kweli. Mashine ya kuhesabu virusi mu damu haiko ku kila kituo cha afya, na hatuwezi kuingoja. Lakini OMS iliona tatizo hilo. Mu maongozi yake ya 2024 inasema pale hakuna mashine ya kuhesabu virusi, munganga anaweza kufikiri kumupa tenofovir kila mama mwenye mimba aliyekutwa na hepatiti B. Kwa hiyo vitu vinavyohitajika kweli ni vitatu tu: kipimo cha kidole, kidonge, na chanjo ya siku ya kwanza.

Juma 6 zenye mulango wazi

Wamama wa hapa wanajua kalenda ya chanjo kwa kichwa. Wakati wa kuzaliwa, BCG ya mukono na matone ya polio. Ku juma 6, 10 na 14, pentavalente ku paja. Ndani ya pentavalente kuna kinga tano, na moja ni ya hepatiti B. Kwa hiyo mutoto mwenye kumaliza dozi tatu za pentavalente amekingwa na hepatiti B kwa wakati wenye kuja, na hiyo ni kazi kubwa yenye kuokoa watu wengi. Mama asikose hata moja.

Shida ni ile ya mbele ya juma la 6. Mutoto anaonana na damu ya mama siku ya kuzaliwa. Kama mama ana virusi, pentavalente ya juma la 6 inafika wakati mwizi amekwisha kuingia na kufunga mulango nyuma yake. Ndiyo maana OMS inaomba dozi moja ya chanjo ya hepatiti B yenyewe, bila zingine, mu saa 24 za kwanza. Mu Afrika, ripoti ya 2024 inasema ni watoto 18 tu ku mia wenye kuipata, hata kama Afrika ndiyo yenye kubeba watu 63 kati ya kila 100 wenye kuambukizwa B upya mu dunia. Wakati utafiti wa Kinshasa ulifanyika, dozi hii haikuwa mu kalenda ya kawaida ya inchi yetu.

Kwa nini kuchelewa hivi? Feza ilikuwa sababu moja. Shirika Gavi, lenye kusaidia inchi kununua chanjo, lilikubali mu 2018 kusaidia dozi ya kuzaliwa, kisha Covid-19 ikasimamisha mupango, na mulango ukafunguliwa mu 2024. Sababu ingine tunaijua sisi wenyewe: safari. Mama anaweza kushikwa na uchungu ku nganda ya samaki, ku shamba, ao usiku wakati pirogi haiwezi kuvuka. Chanjo yenye kungoja ku friji ya kituo haitamufikia mutoto aliyezaliwa mu pori kama hakuna mutu wa kupeleka habari. Na baridi kupita kiasi inaiharibu: chanjo hii ikiganda, imekufa. Kwa hiyo saa 24 si kazi ya muganga peke yake. Ni kazi ya mama mukunga, ya relais wa afya, ya mwenye pikipiki, ya baba mwenye kuweka feza kidogo pembeni tangu mwezi wa saba ili bibi yake azalie ku maternité.

Na kama saa 24 zimepita? Mutoto aletwe tu, haraka iwezekanavyo. Kuchelewa siku mbili si sababu ya kubaki nyumbani.

Wembe, sindano na damu

Kuzaa si njia moja tu. Virusi vya B vinaweza kukaa inje ya mwili, ku wembe ao ku sindano yenye damu kidogo, siku 7 hivi na bado vinaambukiza. Damu yenyewe inaweza kuwa imekauka, huioni.

Mu Kiswahili tuna neno moja kwa mambo mawili. Kuchanja ni kumupa mutoto kinga ya kituo cha afya. Kuchanja ni vilevile kukata ngozi na wembe na kupaka dawa ya kienyeji. Kuchanja kwa kwanza kunazuia hepatiti. Kwa pili kunaweza kuileta, kama wembe ule ule unapita kwa watoto watano wa nyumba moja. Hatusemi watu waache mila yao yote. Tunasema: mutu mumoja, wembe wake, kisha unatupwa. Ni vilevile kwa kinyozi, kwa wenye kuandika tatu, na kwa ule mwenye kuchoma watu sindano ku ligablo ya dawa bila kufungua sindano mupya mbele ya macho ya mugonjwa.

Ni Misri yenye kutufundisha bei ya sindano chafu. Kutoka miaka ya 1950 mupaka ya 1980, serikali ya kule iliwachoma watu wengi dawa ya bilharzia, na sindano zilitumiwa tena na tena. Nia ilikuwa muzuri, lakini hepatiti C ikaenea mu inchi muzima kuliko mahali pengine. Kisha Misri ilirekebisha: mu 2018 na 2019 ilipima watu zaidi ya milioni 50, ikawapa wagonjwa dawa, na mu 2023 OMS iliipongeza. Kwa sababu C, tofauti na B, inapona kabisa: vidonge vya juma 12, na zaidi ya watu 95 ku mia wanapona. Lakini C haina chanjo.

Hapa mu jimbo letu wenye kuwa mu hatari zaidi ni wale wenye kupewa damu mara na mara, kwa mufano wagonjwa wa SS. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na Munganga Salomon Batina Agasa mubele yao, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza mu 2010 utafiti juu ya wagonjwa hao, na walisisitiza uzito wa hepatiti C kwao. Neno la kushika ni hili: damu inaokoa, musiikatae, lakini mujamaa ana haki ya kuuliza: «Damu hii imepimwa hepatiti B na C?»

Maswali yenye kurudia

*Tunaweza kula sahani moja na mutu mwenye hepatiti B?* Ndiyo. Haipite mu chakula, mu kikombe, mu kupeana mukono, mu kikohozi. Kumutengea mugonjwa sahani yake ni kumuumiza moyo bure. Vitu vya kutenga ni wembe, burushi ya meno na makasi ya kucha.

*Mama mwenye hepatiti B anaweza kunyonyesha?* Ndiyo. Maziwa si njia, na mutoto mwenye kupata chanjo amekingwa.

*Bwana na bibi wafanye nini kama mumoja anayo?* Mwingine apimwe. Kama hana virusi, apate chanjo, na kwa wakati huo watumie kapoti. Si alama ya uzinzi. Wengi waliipata mu utoto wao. Kuvunja ndoa juu ya karatasi ya laboratware ni kosa.

*Inapona?* B haiponi kabisa kwa urahisi, lakini tenofovir inalalisha virusi na kulinda ini. Si kila mutu anaihitaji leo. Munganga anaangalia ini kwanza. Mwenye kuanza dawa asiache mwenyewe, kwa sababu virusi vinaweza kuamuka kwa hasira. Na asinunue vidonge vya SIDA vya jirani: mutu mwenye kuwa na magonjwa yote mawili anahitaji dawa zingine pamoja.

*Na majani ya kienyeji?* Ini ndilo linasafisha kila kitu chenye unakunywa. Ini lenye kuumwa, ukiliongezea dawa kali usiyojua kipimo chake, unalitwika muzigo juu ya kidonda. Lotoko ni mubaya zaidi. Na karanga ao muhindi wenye ukungu usiliwe: sumu ya ule ukungu, ikikutana na hepatiti B, inaongeza sana hatari ya kansa ya ini.

Ku CPN, uliza mambo matatu

Mama, siku unaenda kupima mimba, wanakupima SIDA na kaswende. Uliza la kwanza: «Na hepatiti B, kipimo kiko?» Kama kiko, kubali. Kama hakiko, uliza kinapatikana wapi, na uliza tena mwezi wenye kufuata. La pili: «Nikikutwa nayo, nitapata dawa wapi mbele ya kuzaa?» La tatu: «Chanjo ya siku ya kwanza ya mutoto iko?»

Pengine muuguzi atajibu hapana mara tatu. Usimukasirikie, si yeye mwenye kununua. Lakini swali lenye kuulizwa na mama mumoja linasahauliwa. Lenye kuulizwa na mama mia moja linaandikwa mu ripoti ya mwezi, na ripoti inapanda mupaka ku zone ya afya, na kutoka pale mupaka Kisangani. Vipimo vya SIDA navyo havikufika hapa siku moja. Vilifika kwa sababu watu waliviomba.

Na wewe mwenye kukaa sasa na mugonjwa mu nyumba, mwenye tumbo limejaa maji: mupeleke apimwe, hata kama unafikiri umechelewa. Kwa yeye pengine dawa itasaidia kidogo, pengine nyingi. Lakini matokeo ya kipimo chake yatakuambia kitu kingine cha maana: wadogo zake, bibi yake na watoto wake nao wanapaswa kupimwa. Kwao haijachelewa.